Injini za Dizeli Katika Vumbi la Shinyanga na Geita

Magari makuukuu yanayopita njia za mashamba na migodi katika mikoa ya Shinyanga na Geita aghalabu ni Land Rover na Toyota Land Cruiser. Hubeba wagonjwa, pamba, abiria, na magunia ya mawe ya dhahabu yapelekwayo kwenye karasha. Gari lenye mgonjwa linapozimika usiku katikati ya pori, swali la injini ipi yaaminika huwa si ubishi wa vijiweni tena. Jibu lake laweza kutafutwa kwa sayansi ifundishwayo darasani.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huigandamiza hewa, pengine mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya ishirini na mbili, na halijoto ikapanda kupita nyuzi 500 za sentigredi. Mafuta yakirushwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii huishi kwa kubana hewa. Siku ringi na kuta za silinda zikishindwa kubana, haiwaki tena, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Adui wa kwanza basi ni mchanga. Hebu tukokotoe. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta takriban lita 4,200 kila dakika, yaani mita za ujazo 252 kwa saa. Darasa la mita 8 kwa 7, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 168 tu. Hewa hiyo imejaa vumbi la luseni, kama Wasukuma wauitavyo udongo wa kichanga utokanao na mawe ya matale, na ndani yake mna kwazi. Ugumu wa kwazi ni 7 katika kipimo cha Mohs, kupita chuma cha silinda. Miamba ya kwazi ndiyo hiyo hiyo ibebayo dhahabu! Chujio la hewa lenye ufa mdogo laweza kuiharibu injini ya aina yoyote, iwe ya Uingereza au ya Japani.

Tukichukulia kwamba chujio ni zima, sasa twaweza kulinganisha. Gawanya nguvu-farasi kwa lita za injini. Dizeli ya kale ya Land Rover, yenye lita 2.3 na nguvu-farasi kama 62, hutoa 27 kwa kila lita. Toyota 2H, yenye lita 4.0 na nguvu-farasi kama 103, hutoa 26. Toyota 1HZ, iliyotokea mwaka 1990 na yenye lita 4.2, hutoa 31. Land Rover 300Tdi ya mwaka 1994, yenye lita 2.5 na turbo, hutoa 44.

Mwanafunzi atadhani injini mbili za kwanza zina maisha sawa. La hasha. Injini ya lita 2.3 ikipewa gari lililosheheni magunia, dereva hukanyaga pedali mpaka chini safari nzima, ilhali 2H hutumia sehemu tu ya uwezo wake. Zaidi ya hayo, krenkshafti ya Land Rover hiyo ilishikwa na beringi kuu tatu hadi mwaka 1980, ndipo zikawa tano. Ya 2H hushikwa na saba.

300Tdi hurusha mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haitumii mafuta mengi. Lakini hedi yake ni ya aloi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma. Rejeta ikivuja pasipo dereva kutambua, hedi hupinda. Hedi za 2H na 1HZ ni za chuma.

Kati ya Toyota hizo mbili uamuzi ni mgumu zaidi. 2H huendesha valvu zake kwa gia. 1HZ hutumia mkanda, ambao mnunuzi wa gari kuukuu mara nyingi hajui ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Pampu ya 2H hulainishwa na oili ya injini, bali ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huila. Uchanganyaji huo ulienea nchini hata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha. Kwa anunuaye dizeli ya mapipa vijijini, ningechagua 2H, japokuwa imeacha kuundwa tangu 1990 na vipuri vyake vinazidi kuadimika. Penye dizeli safi na daftari la matengenezo, 1HZ yatosha kabisa.

Walimu waweza kuonyesha mambo mawili shuleni. Mimina dizeli ya pipa katika chupa nyeupe, uiache usiku kucha: maji, yakiwa mazito kuliko dizeli, yatakaa chini. Kisha mwombe fundi afungue taratibu kifuniko cha oili cha gari likiwa linaunguruma, wanafunzi wakisimama mbali. Moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, ni hewa iliyogandamizwa inayovuja kupitia ringi zilizoliwa na mchanga.