Soko la Vibao vya Kuchorea na Namba Zinazouza

Kibao cha kuchorea, ambacho hakipaswi kuchanganywa na kishikwambi kwa kuwa cha kawaida hakina skrini wala uwezo wa kufanya kazi pasipo kuunganishwa na kompyuta au simu, kwa miaka mingi kilikuwa kwa kiasi kikubwa bidhaa ya Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983. Nguvu yake sokoni ilitokana na kalamu isiyotumia betri: kibao hutoa mawimbi ya sumaku-umeme yanayoamsha koili ndogo iliyomo ndani ya kalamu, nayo koili hurudisha ishara inayoonyesha mahali ncha ilipo na jinsi ilivyokandamizwa. Hataza za awali zilipokwisha muda wake, kampuni kama Huion ya Shenzhen, China, na XP-Pen zilileta kalamu za namna hiyo kwa bei nafuu zaidi.

Ushindani ukahamia kwenye namba. Viwango vya mgandamizo, yaani ngazi ambazo kifaa hutofautisha kati ya mguso hafifu na mkandamizo mzito, vimepanda kutoka 1024 hadi 16384, na kila ongezeko huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ingawa mchoraji anayeanza ni vigumu kuihisi tofauti kati ya 4096 na 8192. Anachokihisi ni uzito mdogo kabisa unaohitajika ili mstari uanze kutokea, jambo ambalo boksi hulinyamazia.

Ukubwa wa eneo la kuchorea ndio unaostahili hesabu. One by Wacom ndogo ina eneo la milimita 152 kwa 95. Likitandazwa juu ya skrini ya inchi 15.6, yenye upana wa takriban milimita 345 na kimo cha 194, mstari wa sentimita moja mkononi huzidi sentimita mbili machoni, na kwa kuwa upana umekuzwa kuliko kimo, duara hutokea limetanuka mfano wa yai lililolazwa. Dawa yake ni kuiamuru draiva, yaani programu inayokiunganisha kibao na kompyuta, ilinde uwiano, japo kwa kufanya hivyo ukanda wa takriban milimita 9.5 wa kibao hubaki bila kazi.

Vibao vyenye skrini huondoa usumbufu wa mkono kuwa huku na macho kule, lakini bei yake si ya mwanafunzi. Katika Afrika Mashariki, ambako wengi wana simu pekee, ni busara kutafuta kibao kinachokubali simu ya Android, huku wenye kompyuta wakitumia Krita, programu ya uchoraji isiyolipiwa. Anayeagiza kutoka nje aweke pia kwenye hesabu usafirishaji na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16, pamoja na ncha za akiba, kwani ncha ya plastiki hulika upande mmoja hadi ikawa na ukingo unaokwaruza kibao.

Vibao vilivyokwishatumika navyo vina wateja, ila vya zamani huenda visipate draiva inayokubaliana na kompyuta mpya. Kabla ya kulipa, mnunuzi huomba kibao kichomekwe, kisha huvuta polepole mstari wa mshazari kwa rula, maana hitilafu ya kalamu hujitokeza hapo kama mawimbi madogo ambayo mkono wenye haraka huyaficha.