Nchi Jirani: Bomba Kuukuu Chini ya Mtaa

Mwishoni mwa Desemba 2017 Rais wa Zambia wa wakati huo, Edgar Lungu, aliyaamuru majeshi ya nchi hiyo yaingie kazini katika mji mkuu wa Lusaka. Hapakuwa na maasi, wala hapakuwa na mvamizi aliyevuka mpaka. Adui alikuwa kipindupindu, ambacho serikali ilikuwa imekitangaza rasmi tangu tarehe 6 Oktoba mwaka huo. Askari walishika makoleo na mifagio badala ya bunduki. Walizoa taka, wakazibua mitaro, wakasafisha masoko, na polisi wakawaondoa wachuuzi kandokando ya barabara. Katika kitongoji cha Kanyama, chenye watu wengi na nyumba zilizobanana, ilitolewa amri ya kutotembea usiku. Haukupita muda mrefu wakazi wakafanya ghasia, na polisi waliokwenda kulinda afya wakajikuta wanatuliza fujo.

Hadi Mei 2018 watu 5,905 walikuwa wamehesabiwa kuwa walishukiwa kuugua, na zaidi ya 100 walikuwa wamefariki dunia. Ugonjwa ulidhibitiwa kwa kuongeza klorini katika maji ya mji, kwa kupeleka maji ya dharura vitongojini, kwa matibabu ya haraka, na kwa kuwapa chanjo ya matone watu zaidi ya milioni moja. Kazi ya askari ilionekana kwa macho, na wengi waliisifu. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2023 kipindupindu kilirudi Lusaka kwa nguvu kubwa zaidi. Safari hii wagonjwa walipita 20,000, waliokufa walipita 700, uwanja wa michezo wa Heroes ukageuzwa kituo cha matibabu, na shule za nchi nzima zikachelewa kufunguliwa hadi Februari 2024.

Msikilizaji yeyote aliye askari ana haki ya kuuliza: ikiwa mitaa ilifagiliwa na mitaro ikazibuliwa, adui alijificha wapi? Sehemu ya jibu iko kiasi cha mita moja chini ya udongo.

Ni vema kusema mapema kwamba bomba bovu si chanzo pekee. Sehemu kubwa ya Lusaka imekaa juu ya mwamba wa chokaa wenye nyufa nyingi, na katika vitongoji visivyopimwa vyoo vya shimo na visima vifupi vimechimbwa karibu karibu. Kinachoingia katika kimoja hupenya hadi kingine. Lakini upo upande wa pili wa mji, yaani mitaa iliyopangwa na kujengwa kabla ya uhuru wa 1964, kama vile Kabwata, Matero na Chilenje. Huko Chilenje, kwa njia, ndiko Kenneth Kaunda alikoishi katika nyumba ndogo namba 394 wakati wa kupigania uhuru. Katika mitaa ya namna hii maji huja nyumbani kwa bomba, na mwenye nyumba huamini kwamba kilichotoka katika koki kimekwisha kusafishwa. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu mtu hajihadhari na kitu anachokiamini.

Sehemu ya maji ya Lusaka hutoka Mto Kafue. Husafishwa katika mtambo wa Iolanda, kisha husukumwa kwa mashine hadi mjini, mwendo wa kilomita zipatazo hamsini. Yakitoka mtamboni yana dawa na yanafaa kunywewa. Kati ya mtambo na kikombe kuna mabomba makuu, mabomba ya mitaa, viungo, vali na mabomba membamba ya kuingilia nyumbani. Miji yetu ya Afrika ilirithi mabomba ya chuma, na baadaye mabomba ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Chuma hushikwa na kutu nje na ndani. Kutu ya ndani huota vinundu, njia ya maji ikawa nyembamba mwaka hata mwaka, mpaka nyumba za mwisho wa mtaa zikapata maji usiku wa manane tu. Bomba la saruji hulainika polepole katika udongo mkali, na siku lori zito linapopita juu yake hupasuka kwa urefu. Mipira ya kwenye viungo nayo hukauka na kuachia.

Tundu dogo lina hasara kubwa kuliko mtu anavyodhani. Tundu lenye upana wa milimita 5, katika bomba lenye msukumo wa kuinua maji mita 40, humwaga kiasi cha lita 28,000 kwa siku. Hayo ni madumu 1,400 ya lita ishirini, kutoka tundu moja, na mara nyingi hayaonekani juu kwa sababu yanapotelea katika mwamba. Kabla ya mradi mkubwa ulioendeshwa kati ya 2013 na 2018 kwa fedha za Marekani, karibu nusu ya maji yaliyosukumwa Lusaka hayakuwa yakilipiwa na mtu; mengine yaliibwa, mengine hayakupimwa, na mengi yalivuja.

Walakini hasara ya fedha ni jambo dogo. Bomba lenye msukumo hutema maji nje kupitia tundu, wala uchafu hauwezi kuingia. Umeme ukikatika na mashine zikasimama, au maji yakifungwa kwa mgao, wenyeji wa mabondeni huendelea kuteka. Bomba la mlimani hubaki tupu, na utupu huo huvuta. Tundu lililokuwa likitema sasa hunyonya. Kama bomba la majitaka limepasuka jirani, au mtaro wa mvua umejaa maji ya vyooni, uchafu huingia katika bomba la kunywea, na maji yarudipo asubuhi huusukuma mpaka kwenye koki ya kwanza. Dawa iliyowekwa mtamboni huenda imekwisha nguvu njiani. Kwa hiyo mgao wa maji, ambao watu huuona kuwa usumbufu tu, ni jambo la hatari mahali penye mabomba kuukuu.

Kubadilisha bomba la mtaa mmoja si kuchimba na kufukia. Kwanza hutafutwa ramani, na mara nyingi ramani haisemi kweli. Kwa sababu hiyo mafundi huchimba mashimo madogo ya kupeleleza ili wajue simu, umeme na majitaka vimepita wapi. Katika mitaa ambayo kazi hufanywa kwa uangalifu, bomba la muda hulazwa juu ya ardhi ili wakazi wasikose maji, jambo ambalo wakandarasi wenye haraka hupenda kuliruka. Kisha handaki huchimbwa. Askari ajuaye kuchimba handaki ataelewa kwamba kuta zisizoegemezwa humwangukia mchimbaji, hasa udongo ukiwa umelowa na lile lile bomba linalovuja. Bomba jipya, la plastiki ngumu au la chuma kilichopakwa kinga, hulazwa juu ya mchanga usio na mawe, mbali na majitaka kwa mita tatu pakiwa na nafasi, na daima juu yake wala si chini yake. Bomba la asbesto likiachwa limelala ardhini halimdhuru mtu. Likikatwa kwa msumeno bila kulowanishwa, vumbi lake huingia mapafuni mwa fundi na huweza kumletea saratani baada ya miaka mingi.

Baada ya kulazwa, bomba hujazwa maji na kukazwa kwa msukumo uzidio ule wa kawaida, ili kiungo kibovu kijulikane kabla ya kufukiwa. Kisha husukutuliwa, hutiwa klorini nyingi na kuachwa kwa saa ishirini na nne, na maji yake hupimwa maabara. Hapo tu ndipo nyumba huunganishwa moja baada ya nyingine. Hatua hii ya dawa na vipimo haionekani na mtu barabarani, na ndiyo ambayo hukatwa kwanza fedha zikipungua.

Kazi hii inawahusu askari kwa njia nyingine zaidi ya koleo. Mifuniko ya chuma na vali huibwa na kuuzwa kama chakavu. Wako watu watoboao bomba usiku ili wamwagilie bustani au wauze maji kwa dumu, na kila tundu la wizi ni mlango wa uchafu. Tangu 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, limelindwa kama mali ya usalama wa mataifa mawili, na tone la mafuta likimwagika taarifa hutolewa upesi. Bomba la maji lipitalo nyuma ya kambi hutiririka miezi mitatu, na walinzi huliruka kila wapitapo.

Swali gumu kwa mji usio na fedha za kubadilisha kila kitu ni mtaa upi uanze. Jibu hutafutwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala na koki zimefungwa, hivyo mita ya eneo yapasa kwenda polepole sana. Ikiwa inazunguka kwa kasi, fundi hufunga vali moja moja huku mwenzake akisoma mita kwa tochi. Vali ambayo ikifungwa mita hutulia ghafla huonyesha mtaa unaovuja, na asubuhi yake huko ndiko huchimbwa shimo la kwanza.