STESHENI YA BUBUBU NA MUSOMA ISIYO NA STESHENI



Vijana wengi wa mashamba husikia kwa wazee kuwa zamani gari la moshi lilikwenda Bububu, wakadhani ni hadithi. Si hadithi. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ilitandika reli ya maili saba hivi. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapita mitaa myembamba ya Malindi, ikaelekea kaskazini mpaka Bububu, na hapo ndipo palipokuwa na stesheni ya mwisho. Wengine husema jina la Bububu latokana na mlio wa gari hilo. Sivyo, maana Sayyida Salme aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, kabla ya reli hiyo kuwako.

Watu waliipenda. Magari yalikwenda mchana na usiku, na wageni wa meli waliwekewa behewa la daraja la kwanza. Mwaka 1911 Serikali iliinunua. Lakini barabara zilitengenezwa na motokaa zikazidi, na motokaa humfuata mtu mlangoni kwake. Mwaka 1922 reli iliacha kuchukua abiria. Ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, hata mwaka 1928 ikafungwa kabisa.

Tuitazame hasara yake kwa jicho la mkulima. Mwenye shamba la mbali ilimbidi kwanza afikishe mzigo stesheni, kisha aupakue tena mjini. Na Pemba, penye karafuu nyingi zaidi, reli haikufika hata siku moja. Magunia yaliteremshwa Wete, Chake Chake na Mkoani, yakavushwa kwa vyombo.

Wenzetu wa mkoa wa Mara, huko bara, mambo yao ni kinyume. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ya Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, mwaka ule ule yetu ilipokufa. Musoma iko ziwani baina ya miji hiyo miwili, wala reli ya nchi kavu haikuipata. Pamba ya Bunda na mazao ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, yametegemea barabara na meli za Ziwa Victoria. Reli ya Tanga, Arusha mpaka Musoma imetajwa miaka mingi katika mipango ya Serikali, nao wangali wakiingoja.

Sisi tulikuwa na stesheni isiyoufikia mzigo. Wao wana mzigo usio na stesheni. Basi, mwanachama akiulizwa habari ya njia, asiseme tu kuwa twataka kubwa. Aseme magunia mangapi hutoka kwao, miezi gani, na lori hukwama wapi. Njia ndogo inayopitika wakati wa vuli, karafuu zikiwa majamvini, yatufaa kuliko gari la fahari linalosimama mbali na shamba.