Mwashi na Nyumba Zetu za Mawe

Wazee wetu walituachia onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu tunalitumia onyo hilo tunapowakanya watoto wasidharau kosa dogo. Lakini kwa jamaa aliyerithi nyumba ya mawe Lamu, Siyu, au katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, maneno hayo yana maana ya dhahiri kabla ya ile ya fumbo. Ufa upo ukutani, mvua za masika zinakaribia, na swali ni moja tu: ni nani atakayeuziba, naye auzibe kwa kitu gani?

Makala haya yanamhusu mtu huyo anayeitwa kuuziba, yaani mwashi. Ndiye aliyejenga miji yetu, naye jina lake halikuandikwa popote. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, hutajwa pamoja na msanifu wake Giovanni Battista Cairati. Waliochonga mwamba na kupanga mawe hawatajwi. Gede, mji uliokuwa na msikiti wa ijumaa, makaburi ya nguzo, visima na majumba ya watu wenye mali, ulihamwa katika karne ya 17, nao kuta zake zingali zimesimama msituni hadi leo. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama Lamu ilivyoingizwa mwaka 2001. Heshima hiyo kwa hakika ni heshima ya mikono ya waashi.

Mawe yenyewe

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zama za mbali na sasa yamebaki nchi kavu. Hilo ndilo jiwe la kuta: gumu, lenye matundu, lisilokubali kuchongwa kwa upole. Mwashi wa zamani hakulikata likawa na pande nne sawa. Aliligeuza mkononi, akalitafutia uso wake, akaliweka mahali pake, kisha akajaza mianya kwa vipande vidogo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo huwa mnene, unene wa nusu mita hivi, na ndio unaofanya ndani kuwe na ubaridi wakati wa kaskazi.

Lilikuwapo na jiwe la pili, tumbawe lililotolewa baharini. Likiwa bado bichi huwa laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno na kuchongwa nakshi, na likikauka hushika ugumu. Kwa jiwe hilo walichonga mihrabu, miimo ya milango na mapambo ya vidaka. Leo hatuna budi kuliacha lilipo, kwa kuwa tumbawe lililo hai ni makao ya samaki na ni kinga ya fuo zetu. Mwashi anayetengeneza kazi ya kale hutumia mawe ya nyumba zilizoanguka, au huiunda nakshi kwa chokaa.

Chokaa nayo ilitokana na mawe hayo hayo. Magogo yalipangwa kwa mviringo, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, kisha tanuu likawashwa. Jiwe hilo linahitaji moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi ili ligeuke chokaa. Baada ya hapo huzimwa kwa maji, nayo huchemka na kufuka moshi kana kwamba ina uhai. Kisha huachwa ikae. Chokaa iliyokaa muda mrefu hulainika na kushika vizuri, na mwashi mwenye subira hakuitumia kabla ya wakati wake. Ikishapakwa ukutani, huvuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe tena.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba uzito ikiwa ndefu mno, na kwa hiyo vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3. Juu ya boriti vilipangwa vipande vya mawe, kisha zege la chokaa likamwagwa na kupigwa kwa vipande vya miti siku baada ya siku, wanaume kwa wanawake, kwa nyimbo, mpaka sakafu ikashikana.

Haki inatudai tuseme jambo moja zaidi. Wengi waliobeba mawe hayo, waliokata boriti na kuchochea matanuu, hasa katika karne ya 18 na ya 19, walikuwa watumwa. Walifanya kazi bila ujira wala hiari. Tunapozisifu nyumba hizi tusizisifu kana kwamba zilijiinua zenyewe.

Nyumba ya binti

Kwa kina mama wa pwani, ufundi huu una uhusiano wa karibu kuliko unavyodhaniwa. Katika jamaa za waungwana wa Lamu ilikuwa ada baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Familia ikiongezeka, orofa iliongezwa juu, au chumba kikatandazwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, na chumba hicho kikaitwa wikio. Mwanamke aliweza kuvuka kwenda kwa nduguye bila kutoka barabarani. Zidaka za ndani, zile safu za vishubaka vilivyopambwa na kuwekwa vyombo vya kaure, zilikuwa katika sehemu ya nyumba iliyo yake. Hata daka la mlangoni, ambako mgeni hukaa barazani bila kuona ndani, lilijengwa ili kuhifadhi sitara.

Ndiyo maana leo nyumba nyingi za kale zimo mikononi mwa akina mama, mabinti na mayatima kwa njia ya mirathi. Na ndiyo maana ufa ukitokea, mara nyingi ni mjane au binti anayesimama mbele ya fundi na kuulizwa kama anazo fedha za saruji.

Katika Surat al-Kahf tunasimuliwa kuhusu Nabii Musa, amani iwe juu yake, na yule mja mwema aliyefuatana naye. Waliufikia mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha, wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha bila malipo. Baadaye ilibainika kuwa ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake mlikuwa na hazina yao. Msomaji ataona kuwa katika kisa hicho kutengeneza ukuta kulikuwa ni kulinda mali ya watoto mpaka wakue. Nyumba nyingi za miji yetu ya kale ziko katika hali kama hiyo.

Tatizo la saruji

Saruji, au simiti kama wengi tunavyoiita, ni kitu kizuri mahali pake. Nyumba mpya ya matofali yaliyokatwa kwa mashine katika matimbo ya Kwale na Kilifi inaihitaji. Lakini ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu wa ardhi na wa mvua huingia, kisha hutoka kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa lipu ya saruji, njia ya kutokea huzibwa. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, chokaa ya kale hulegea ikawa vumbi, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza bila mtu kuona. Kwa nje nyumba huonekana mpya kwa miaka michache. Kisha lipu hutoka vipande vipande, au dari hushuka.

Athari ya kuchelewa tuliishuhudia Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jumba la Serikali lililojulikana duniani kote lilifikwa na hayo. Sembuse nyumba ya mjane kichochoroni?

Basi mwenye nyumba ya kale na amuulize fundi maswali haya kabla ya kumkabidhi kazi. Je, amewahi kufanya kazi kwa chokaa, na kazi hiyo inaweza kuonekana wapi? Mchanga ataupata wapi? Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi ni adui wa ukuta. Ataanza kwa kutafuta yanakoingia maji, yaani paa, mfereji na choo, au ataanza kwa kupaka? Na boriti ataziangalia vipi kabla ya kuziba? Fundi mwenye ujuzi hukasirika mara chache kwa maswali kama hayo. Aghalabu hufurahi kupata mwenye nyumba anayejali. Na kwa wakazi wa Mji wa Kale wa Lamu au wa Mombasa, ni wajibu kuwaona maofisa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kubomoa au kujenga, kwani wao huwa na ushauri kuhusu vifaa na mafundi.

Riziki ya mwashi

Tugeuke sasa tumtazame mwashi nyumbani kwake. Asubuhi hutoka na mwiko, timazi, pima maji, nyundo na tindo. Wa timboni hutoka mapema zaidi. Kazi ikiwapo hulipwa kwa siku. Isipokuwapo, nyumba hukaa kimya. Ujuzi ameupata kwa kuwa mtu wa mkono wa fundi mwingine: kwanza alibeba karai, kisha akakoroga, kisha akapewa kona ya ukuta ajaribu. Huo ni uanafunzi wa kweli, ila hauna karatasi, na asiye na karatasi hupitwa na kandarasi.

Kuna njia ya kulirekebisha hilo. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa daraja la 3, la 2 na la 1, na fundi aliyejifunza kazini anaweza kuifanya. Cheti hicho humwezesha kuajiriwa mahali ambapo ukuta wake peke yake hauwezi kumsemea.

Sheria nayo ina kinga ambazo familia nyingi hazizijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kuwa kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi mmoja au zaidi, ajira yake hugeuka na kupata haki za mwajiriwa wa mwezi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, humbebesha mwajiri dhima ya mfanyakazi anapoumia kazini. Mke wa fundi na ajue jina la mwajiri na mahali mumewe anapofanya kazi, na jeraha liripotiwe mapema kwa maandishi. Halikadhalika mchango wa bima ya afya ya jamii, SHA, ni asilimia 2.75 ya kipato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Ni vyema kuuweka kando wakati kazi ipo, kuliko kuutafuta mgonjwa akiwa kitandani.

Hatari za kazi hii nyingine huletwa hadi nyumbani. Saruji na chokaa huunguza ngozi na macho. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha mtu apelekwe hospitali, lisisuguliwe. Nguo za kazi zikung'utwe nje na zifuliwe mbali na nguo za watoto. Glavu, viatu madhubuti na kitambaa kizuri cha kuziba pua si mapambo. Jukwaa la miti lililofungwa ovyo limewaacha wengi na mgongo usiopona.

Kwa upande wetu tunaoajiri, mafundisho ya dini yetu yako wazi: mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyopokewa katika Ibn Majah. Mapatano ya kazi yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: kiasi gani, lini, na nani ananunua vifaa. Si heshima kumwambia fundi arudi wiki ijayo ilhali tunajua kuwa jioni hiyo watoto wake wanamngojea mlangoni.

Kuna wazazi wanaoona haya mtoto akichagua kazi ya mawe. Wanataka ofisi na kiti cha kuzunguka. Lakini kijana anayejua kuzima chokaa, kusoma ufa na kurudisha kidaka kilichovunjika ana ujuzi ambao wenye nao wanapungua kila mwaka, huku nyumba zinazouhitaji zikizidi kuchakaa. Na msichana anayependa michoro na vipimo asizuiwe. Vyuo vya ufundi viko wazi kwake, na nyumba hizi zilikuwa za bibi zake.

Zipo kuta zitakazoanguka mwaka huu kwa kukosa mtu wa kuzishika. Zipo nyingine zitakazosimama kwa sababu mama mmoja aliuona ufa mapema, akamtafuta fundi anayejua, akamlipa kwa wakati. Mola atujaalie tuwe miongoni mwa hao wa pili.