Pima Kwanza, Usimshitaki Jirani

Watu wakila pamoja kwenye matanga, kisha wakatapika na mmoja akafa, mara husikika neno hili: "Fulani amewatilia sumu." Je, ni kweli? Sumu hujulikana kwa kupima na kwa hesabu. Haijulikani kwa chuki wala kwa ramli.

Sikia habari ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, watu walikula kwenye mazishi, wakashikwa na kutapika, kuumwa tumbo na kuharisha. Wagonjwa wa siku zile walihesabiwa 98, na 2 wakafa. Wachunguzi waliwauliza watu walikula nini, kisha wakapima unga wa muhogo. Wakaona una sumu iitwayo sianidi, kadiri ya miligramu 88 katika kilo moja. Kipimo cha salama ni 10. Sumu ile ilitoka katika muhogo mchungu wenyewe.

Tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 15 akila bugali wa gramu 200 za unga ule, amekula miligramu 17 na zaidi, kama sumu haikupungua motoni. Gawanya kwa 15: kila kilo ya mwili wake imepata zaidi ya miligramu 1. Na nusu miligramu kwa kila kilo yaweza kuua. Kwa unga wenye kipimo cha 10, hesabu hiyo haifiki hata robo miligramu.

Basi, shika maneno haya:

1. Mpeleke mgonjwa hospitali upesi.

2. Usimwage chakula kilichobaki. Kifunike, ukilete pamoja na unga wake. Pasipo hivyo hakuna cha kupima.

3. Andika nani alikula nini, na saa gani.

4. Muhogo mchungu umenye, uloweke majini siku 3 au zaidi hata ulainike, ndipo uuanike. Njaa isikuharakishe.

Mpendwa, katika Kumbukumbu la Torati 19 Mungu anawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii kabla ya kuhukumu. Ukimtaja mjane au mzee kuwa mchawi bila kuchunguza, waweza kumwaga damu isiyo na hatia, na unga wenye sumu ungali katika kapu lako. Kesho watoto wako watakula tena.