Betri ya Gari la Mbio Yashuka Majini

Mwezi wa Juni mwaka 2018, katika ziwa la Coniston lililoko kaskazini-magharibi ya Uingereza, ambako Malcolm Campbell aliweka rekodi ya mwendo wa majini mwaka 1939 na mwanawe Donald akafia humohumo tarehe 4 Januari 1967 chombo chake kilipopaa na kupinduka, kilishushwa chombo kimoja chembamba kiitwacho V20E, kisichokuwa na tangi la petroli wala bomba la moshi. Nahodha wake, Peter Dredge, alikipitisha mara mbili, kwenda na kurudi, kama lilivyo sharti la rekodi ili upepo usimfae mtu upande mmoja tu, na wastani wa mbio zake ukatoka maili 88.61 kwa saa, yaani karibu kilometa 143, akaivunja rekodi ya vyombo vya umeme iliyokuwa imesimama tangu mwaka 2008. Mwendo huo, kusema kweli, si wa kustaajabisha sana, kwani mzee Campbell kwa mashine yake ya petroli alikwenda kasi kuliko huo kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Lililostahili kutazamwa ni betri iliyokuwamo ndani: uzito wake kilo 320, nayo ni ya namna ileile iliyoliendesha gari la Jaguar katika mashindano ya magari ya umeme yaitwayo Formula E.

Mashindano hayo yalianza mjini Beijing tarehe 13 Septemba 2014, na katika misimu minne ya kwanza yalikuwa na kioja chake: betri ya kilowati-saa 28 haikutosha kumfikisha dereva mwisho wa mbio, hivyo katikati ya shindano aliingia pembeni, akafungua mikanda, akaruka kutoka gari moja na kujitumbukiza katika jingine lililokuwa likimngoja limejaa umeme. Watu walicheka, na haki walikuwa nayo. Lakini lilipokuja gari la kizazi cha pili, mwishoni mwa mwaka 2018, betri yake ilichukua umeme karibu maradufu, na dereva akamaliza mbio kwa gari moja. Ushindani uliwalazimisha mafundi kujifunza mambo ambayo mnunuzi wa kawaida asingekubali kuyagharimia: kuitoa nguvu kubwa ya betri kwa ghafla pasipo kuiunguza, kuipoza kila seli kwa kadiri yake, na kuuhesabu umeme kwa uangalifu hata usibaki mwingi wala usikatike njiani.

Mota yenyewe haikuwa ngeni majini. Je, wajua kwamba mashua ya umeme ni kongwe kuliko gari la petroli? Moritz von Jacobi aliendesha mashua ya namna hiyo katika mto Neva, mjini St Petersburg, mwaka 1838, na Gustave Trouvé akaendesha yake katika mto Seine mwaka 1881. Kilichowashinda wazee hao ni ghala la kuwekea nguvu.

Hata hivyo, si kila hikima ya barabarani huvuka ikafika majini, na hapa ndipo wengi wanaposhangilia upesi. Gari la Formula E la kizazi cha tatu, lililoingia uwanjani mwaka 2023, lilisanifiwa lipate si chini ya asilimia 40 ya umeme linaoutumia katika shindano kutokana na breki zake lenyewe, kwa kuwa dereva anapopunguza mwendo magurudumu huigeuza mota kuwa jenereta. Mashua haina faida hiyo. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Nahodha akiachia nguvu, maji yenyewe hukikamata chombo, na ile nguvu iliyokwisha kutumika imemwagika katika mawimbi yaliyobaki nyuma ya tezi, wala hakuna wa kuirejesha. (Jahazi la tanga ni mbali, maana upepo ukilisukuma, maji yaweza kuizungusha rafadha yake nayo ikazalisha umeme.) Tena ukitaka kuongeza mwendo maradufu, nguvu inayohitajiwa kushindana na ukinzani wa maji huongezeka takriban mara nane.

Basi asiyeweza kuirejesha nguvu hana budi kuizuia isipotee, na njia ya kufanya hivyo ni kukiinua chombo kitoke majini kwa mabawa yaliyozama chini yake. Fikra hii nayo ni ya zamani, kwani Enrico Forlanini aliijaribu katika ziwa Maggiore mwaka 1906. Ndiyo iliyofuatwa katika RaceBird, chombo kilichobuniwa na Sophi Horne kwa ajili ya mashindano ya mashua za umeme yaitwayo E1, ambayo mwasisi wake mmoja, Alejandro Agag, ndiye aliyeasisi Formula E, na ambayo yalifunguliwa Jeddah mwezi wa Februari 2024. Chombo hicho kina mota ya kilowati 150 na betri ya kilowati-saa 35, na huweza kwenda maili za bahari 50 kwa saa. Msomaji apige hesabu mwenyewe: mota hiyo ikitumiwa kwa nguvu zake zote, betri hukauka kwa dakika 14, na nguvu iliyomo katika betri nzima haizidi ile ya lita nne za petroli, ijapokuwa mota ya umeme huitumia vizuri zaidi kuliko mashine ya petroli.

Kwa hiyo meli za masafa marefu zisitarajie msaada wa karibu kutoka kwa madereva hawa. Watakaofaidika kwanza ni wasafiri wa safari fupi zenye saa maalumu. Kati ya Lavik na Oppedal, nchini Norway, kivuko Ampere kilianza kuvusha magari kwa umeme mwaka 2015 katika njia ya kilometa zisizofika sita, pasipo haja ya mbio wala mabawa, na vivuko vyetu vya Likoni na Kigamboni, vyenye njia fupi zaidi, vingeweza kuiga mfano huo. Anayetaka umeme pamoja na mwendo wa haraka akatazame Stockholm, ambako mwaka 2024 chombo kiitwacho P-12, chenye nafasi ya abiria 30, kilianza kuwachukua watu kwenda mjini juu ya mabawa, kwa mwendo wa maili za bahari 25 kwa saa, huku kompyuta ikiyarekebisha mabawa hayo mfululizo ili chombo kisiyumbe.