Bahari ya Mbali na Mahindi ya Matete

Ndugu mkulima wa Matete, bahari iko mbali nawe zaidi ya kilomita 700, na huenda hujaiona. Hata hivyo, yaweza kuozesha mahindi yako. Soma upate kujua jinsi gani.

Jaza karai maji, nyunyiza majivu juu yake, kisha yapulizie. Utaona majivu yakichukuliwa na maji mpaka upande wa pili. Ndivyo upepo ufanyavyo baharini, na maji yaendayo hivyo huitwa mkondo. Pwani ya Somalia mkondo huenda kaskazini wakati wa kusi, kisha wakati wa kaskazi hugeuka ukaenda kusini.

Mkondo hubeba joto. Kwa kawaida, mwezi wa Oktoba na Novemba, upepo wa ikweta husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea Sumatra. Lakini miaka mingine upepo huvuma kutoka mashariki, na maji ya joto hukusanyika upande wetu. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, kama sufuria iliyo motoni, nao upepo huuleta bara. Hapo mvua za vuli huzidi.

Ilikuwa hivyo mwaka 1961, na kufika 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ikawa tena 1997, 2019 na 2023. Mwaka 2010 maji ya joto yalibaki mashariki, na vuli ikapungua sehemu nyingi za Kenya. Kweli, mvua yetu hutoka pia ziwani na Kongo, lakini bahari ina sehemu yake.

Basi yakuhusu nini? Oktoba mahindi uliyopanda Machi yamesimama shambani yakikauka. Mvua ikizidi, huoza kwenye gunzi, na kuvu huleta sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Sikiliza utabiri wa vuli wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya Oktoba.

2. Ikitabiriwa mvua nyingi, vuna mara mahindi yanapokomaa. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

3. Kabla ya kutia ghalani, weka punje na chumvi kavu katika chupa kavu, uifunge na kuitikisa. Chumvi ikigandama kwenye chupa, anika tena.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Nawe sasa wajua kwamba ukingoja mawingu yafike Matete, umechelewa kuvuna.